Deni la Mwenye Haki

Hapa kwetu Madibira kila mwaka, mvua zikiisha na majani yakikauka, harufu ya moshi hujaa hewani. Watu huchoma nyika. Wengine hutaka majani mabichi yaote kwa ajili ya ng'ombe, wengine husafisha mashamba, na wengine huwafukuza wanyama waharibifu. Kila mmoja anayo sababu yake, na mara nyingi sababu hiyo ni njema. Lakini moto hauna macho. Huenda upepo unakoupeleka.

Miaka mingi imepita tangu tuliposikia shauri moja likiamuliwa barazani, nasi hatujalisahau. Nguruwe mwitu walikuwa wameharibu mahindi ya kijiji kizima misimu miwili mfululizo. Mitego haikufaa kitu, na mbwa waliotumwa waliraruliwa. Maficho ya nguruwe hao yalikuwa katika vichaka nyuma ya kilima. Basi kijana mmoja hodari, mwana wa watu wema, akasema, "Mimi nitawatoa." Watu wakamsifu. Akazunguka kilima wakati wa adhuhuri, akatia moto. Nguruwe wakakimbia wasirudi, na mwaka ule mahindi yakapona. Lakini upepo uligeuka. Moto ukavuka bonde ukala kihenge cha mama mmoja mjane pamoja na jiko lake, na mjukuu wake aliyekuwa amelala humo akaungua miguu. Aliokolewa, lakini mguu mmoja haukunyooka tena.

Barazani kijana alisema, "Babu, mimi sikuiona nyumba ya mama. Nilikuwa upande wa pili wa kilima. Nia yangu ilikuwa nguruwe, nanyi nyote mlinituma."

Mzee akamjibu kwa upole, "Mjukuu wangu, hukuiona, lakini ulijua ipo."

Mama mjane alipoulizwa, alisema neno moja tu: "Hata mimi niliomba nguruwe hao waondoke. Ila hakuna aliyeniambia siku."

Mwisho mzee akaamua hivi: "Kijana huyu si adui wala si mwovu, asipigwe, wala asitukanwe. Lakini deni ni deni. Atajenga kihenge na jiko, naye atambeba mtoto huyu kwenda shule na kumrudisha mpaka aweze kutembea. Na sisi tuliokula mahindi mwaka huu tusimwachie mzigo peke yake. Kila nyumba italeta debe moja."

Tumelitafakari shauri hili mara nyingi, kwa maana ndani yake mna swali kubwa kuliko kijiji chetu. Swali lenyewe ni hili: mtu atendaye jambo la haki kwa mbali, akamwumiza asiyekuwa na kosa, ambaye hakumwona wala hakumkusudia, je, ana deni kwake? Au haki ya jambo lenyewe humfutia?

Katika zama hizi swali hili limekuwa zito kuliko zamani, kwa sababu ya ndege za vita. Zamani askari alipigana na mtu aliyemwona. Mkwawa na watu wake walipowashinda Wajerumani huko Lugalo mwaka 1891, mkuki ulimtoka mtu mkononi ukamwingia mtu aliyekuwa mbele yake. Ndege imeweka kilima kati ya mwenye kutupa na mwenye kutupiwa, na kilima hicho ni cha hewa tupu.

Wala tusidhani kwamba mambo haya yalianzia mbali nasi. Mwezi wa Juni 1916, katika Vita Kuu ya Kwanza, marubani wa Kibelgiji waliruka juu ya Ziwa Tanganyika kwa ndege za majini walizopewa na Waingereza, wakaangusha mabomu Kigoma. Shabaha yao ilikuwa meli ya Kijerumani iliyoitwa Graf von Götzen. Mwezi uliofuata Wajerumani waliizamisha meli hiyo wao wenyewe ili isitekwe. Baadaye Waingereza waliiinua, na mwaka 1927 ikaanza tena kazi kwa jina la Liemba, jina lijulikanalo na kila mtu wa pwani ya ziwa lile. Mabomu ya siku zile yalikuwa madogo. Hata hivyo tuangalie nani alikuwa chini. Wenyeji wa Kigoma hawakuianzisha vita ile. Nchi yao ilikuwa imeshikwa na wageni, na sasa wageni wengine walikuja kwa juu kupigana na wale wa kwanza. Wenyeji hawakuulizwa, na hakuna aliyewaambia siku.

Miaka 24 baadaye Wabelgiji nao walikuwa chini. Mwezi wa Mei 1940 majeshi ya Ujerumani yaliingia Ubelgiji na Ufaransa, na kwa miaka minne watu wa huko waliishi chini ya amri ya mgeni. Viwanda vyao vilifanya kazi ya adui, na reli zao zilichukua askari wa adui. Watu wakaomba wakombolewe, kama mama yule alivyoomba nguruwe waondoke.

Marekani iliingia vitani mwezi wa Desemba 1941. Tarehe 17 Agosti 1942 ndege zake kubwa za mabomu zilitoka Uingereza kwa mara ya kwanza kwenda kupiga nchi zilizotekwa. Zilikuwa ndege 12 za namna ya B-17, zenye injini nne kila moja, na shabaha yao ilikuwa yadi ya reli ya Sotteville karibu na mji wa Rouen, Ufaransa. Zote zilirudi salama. Toka siku ile safari ziliongezeka, ndege zikawa mamia, na hatimaye zaidi ya elfu moja kwa siku moja.

Yafaa tufahamu jinsi kazi ile ilivyofanyika, maana swali letu limo humo. Ndege zile ziliruka juu kuliko kilele cha Kilimanjaro. Huko hewa ni nyembamba hata mtu hawezi kuishi bila kupumua kwa mpira utokao katika mtungi, na baridi yake huweza kuua vidole vya mkono usiovaa kitu. Ndani walikaa watu kama kumi, wengi wao vijana wa miaka ishirini hivi. Mmoja alitazama chini kwa chombo cha kulengea, akihesabu mwendo wa ndege na nguvu ya upepo, kisha akaachia mabomu. Nayo yalianguka kwa zaidi ya nusu dakika kabla ya kufika. Vita ilipoendelea ikawa desturi kwamba wengi hawalengi wenyewe: walimtazama kiongozi wa kundi, na alipoachia yake nao wakaachia. Hivyo kosa la mtu mmoja, au wingu dogo lililopita mbele ya jicho lake, liliweza kuwa kosa la ndege zote.

Lakini na tuseme pia lile lililo la kuwasifu. Wakati ule Waingereza walikuwa wakipiga miji ya Ujerumani usiku, mji mzima pamoja na watu wake, kwa sababu ndege zao za mchana zilikuwa zimeangushwa nyingi mno. Wamarekani walichagua mchana, ili wakione kiwanda au reli na kulenga hicho. Aonaye mchana huonekana pia. Uchaguzi ule uliwagharimu sana: tarehe 17 Agosti 1943, mwaka mmoja kamili baada ya safari ya Rouen, ndege 60 zilipotea kwa siku moja zilipokwenda kupiga viwanda vya Schweinfurt na Regensburg katika Ujerumani. Katika ndege 60 walikuwamo vijana kama 600. Watu wasiojali wanayemwumiza hawachagui njia ya namna hiyo.

Na hata hivyo, tarehe 5 Aprili 1943, saa za alasiri, ndege za Wamarekani zilikwenda Mortsel, mji mdogo karibu na Antwerp, Ubelgiji. Hapo palikuwa na kiwanda cha Erla kilichotengeneza ndege za Wajerumani zilizoharibika. Shabaha ilikuwa halali kadiri ya desturi za vita. Mabomu machache yalikipata kiwanda. Mengi yaliangukia nyumba na shule. Watoto walikuwa wangali darasani. Walikufa watu 936, na katika hao 209 walikuwa watoto wenye umri wa chini ya miaka kumi na mitano. Sisi tulio waalimu hatuwezi kuandika hesabu hiyo bila kusimamisha kalamu. Twajua watoto 209 ni wangapi. Ni madarasa matano yaliyojaa.

Na waliokufa hawakuwa watu wa adui. Walikuwa ndio wale wale ambao ndege zilitumwa kuwakomboa.

Basi twaweza kuzisikia sauti za utetezi, nazo ni zile zile za kijana wa kilimani. Na tuzipime moja moja kwa haki, maana si vema kumhukumu mtu kabla ya kumsikiliza.

Utetezi wa kwanza wasema, "Hatukuwaona." Ni kweli. Lakini umbali haumtakasi mtu. Tunayo habari ya mfalme Daudi na Uria. Daudi hakumgusa Uria kwa mkono wake. Alikaa Yerusalemu akaandika barua, na mshale wa watu wengine ukafanya kazi. Nabii Nathani hakumwuliza kama aliiona damu. Twakiri kwamba Daudi alikusudia kuua, na marubani wale hawakukusudia kuwaua watoto. Tofauti hiyo ni kubwa, nasi hatuifichi. Lakini kwa habari ya umbali peke yake, neno la mzee wetu latosha: hukuiona, lakini ulijua ipo. Waliopanga safari ya Mortsel walikuwa na ramani, na ramani ilionyesha nyumba kandokando ya kiwanda.

Utetezi wa pili wasema, "Hatukuwakusudia." Huu una uzito. Wanachuoni wa maadili tangu zamani wamefundisha kwamba tendo moja laweza kuwa na matokeo mawili, jema na baya. Mtu aweza kulitenda ikiwa tendo lenyewe si ovu, ikiwa alikusudia lile jema tu, ikiwa lile baya si njia ya kulifikia jema, na ikiwa jema ni kubwa kiasi cha kulingana na hasara. Mafundisho haya ni mazuri, lakini mara nyingi watu huyasoma nusu. Wakisha kusema, "Sikukusudia," hufunga kitabu. Inawapasa wajiulize tena: kwa kuwa nilijua baya laweza kutokea, nilifanya nini kulipunguza? Je, nilikubali kuongeza hatari yangu mwenyewe ili nipunguze hatari ya yule aliye chini? Mwenye kusema "sikukusudia" naye hakufanya lolote kati ya hayo, nia yake ni njema mdomoni tu.

Utetezi wa tatu wasema, "Adui ndiye aliyeanza." Nao ni kweli. Wajerumani waliipiga Warszawa kwa ndege mwaka 1939, na Rotterdam tarehe 14 Mei 1940. Lakini mtoto wa Mortsel hakuipiga Warszawa. Deni la mwizi halilipwi kwa mali ya jirani aliyeibiwa pamoja nawe.

Utetezi wa nne wasema, "Wenzetu nao walikufa." Hapa twavua kofia. Maelfu ya vijana wa Kimarekani walikufa katika anga la Ulaya, nao hawakuwa na ugomvi wao wenyewe na mtu wa huko. Ila damu ya rubani, ingawa ni ya thamani, haikumlipa mama wa Mortsel. Watu wawili waweza kuteseka kwa ajili ya jambo moja, na bado mmoja awe anamdai mwenzake.

Sasa labda msomaji atatuuliza, "Je, mnataka kusema ndege zile zisingeruka kamwe?" Hapana, ndugu yetu, hatusemi hivyo. Tukisema moto usiwashwe hata mara moja, tumewaachia nguruwe shamba. Na wazazi wa nchi hii ya Kusini walishuhudia kwa macho yao maana ya nchi iliyoachiwa wanyang'anyi. Tangu mwaka 1942 Wapolandi waliletwa Tanganyika, na kambi zao mbili zilikuwa kwetu huku: Ifunda katika Iringa, na Kidugala katika Njombe. Wengi walikuwa wanawake na watoto. Nchi yao iligawanywa mwaka 1939 na Ujerumani na Urusi. Hao waliofika kwetu walichukuliwa na Warusi mpaka kwenye baridi ya Siberia, na baadaye wakapitia Uajemi mpaka kufika Afrika. Wengi wao hawakurudi makwao kamwe. Mtu aliyemwona mtoto wa namna ile, mweupe na asiye na nchi, hawezi kusema kwa wepesi kwamba adui aachwe afanye atakavyo. Palipo na uovu mkubwa hivyo, kukaa kimya nako kuna damu yake.

Basi hatukatai moto. Tunalokataa ni neno moja tu: kwamba mwenye haki hana deni. Twaona watu wengi wakidhani kwamba kuna njia mbili pekee. Ama tendo lilikuwa baya, na aliyelitenda ni mwovu. Ama lilikuwa jema, na hapo hakuna anayedai. Mzee wetu aliiona njia ya tatu. Kijana hakuwa mwovu, na mama alikuwa anadai. Yote mawili yalikuwa kweli siku moja, chini ya mti mmoja.

Lakini iko hatari nyingine upande wa mwenye kudaiwa, nayo ni kujisamehe mwenyewe. Na hapa twapenda kuwasimulia habari ya mwanamke mmoja wa Kibelgiji, ambaye baadaye maisha yake yalimleta Afrika.

Jina lake Andrée de Jongh, binti ya mwalimu wa shule aliyeitwa Frédéric de Jongh. Mwaka 1941, akiwa na umri wa miaka 24, alianzisha pamoja na wenzake njia ya siri ya kuwaokoa askari na marubani walioanguka katika nchi zilizotekwa. Waliwaficha nyumbani, wakawavika nguo za raia, wakawapeleka kwa gari la moshi kupitia Ufaransa, kisha kwa miguu usiku kuvuka milima ya Pyrenees mpaka Hispania. Yeye mwenyewe aliwavusha watu zaidi ya mia moja. Alikamatwa mwezi wa Januari 1943, akafungwa katika kambi za mateso za Ravensbrück na Mauthausen, akatoka hai. Baba yake, mwalimu yule, alikamatwa mwaka huo huo, na mwezi wa Machi 1944 akapigwa risasi.

Wasomaji wetu na waziangalie tarehe hizo. Mabomu yaliiangukia Mortsel mwezi wa Aprili 1943. Baada ya siku ile Wabelgiji hawakufunga milango yao. Watu wa njia ile ya siri waliendelea kuwaficha marubani walioanguka, wakijua kwamba wenzao ndio walioangusha mabomu shuleni, na wakijua kwamba wakishikwa watauawa. Rubani aliyekuwa hana sura huko juu alipata sura alipogonga mlango. Alikuwa kijana mwenye njaa, amejeruhiwa, hajui lugha. Nao wakamlisha.

Vita ilipokwisha, Andrée de Jongh alikuja Afrika akawa mwuguzi wa wenye ukoma, kwanza katika Kongo, na miaka ya baadaye huko Addis Ababa, Uhabeshi. Alifariki mwaka 2007.

Tukisoma habari kama hii twaweza kufanya kosa. Twaweza kusema, "Mnaona? Wabelgiji wenyewe walisamehe. Basi shauri limekwisha." La. Msamaha ni mali ya mwenye kudai. Ni yeye tu awezaye kuutoa, naye hutoa apendapo. Mwenye kudaiwa hawezi kuunyosha mkono na kuuchukua kama kitu chake. Mama mjane wa kijiji chetu alimpa kijana yule maji ya kunywa siku ile ile ya baraza. Maji hayo hayakujenga kihenge.

Mpaka hapa labda msomaji amesoma kwa utulivu, akidhani twasema habari za Wazungu. Sasa na turudi nyumbani, maana methali husema mkuki kwa nguruwe mtamu, kwa binadamu mchungu.

Mwishoni mwa mwaka 1978 majeshi ya Idi Amin yaliingia Kagera, yakaua na kupora. Nchi yetu ikajibu, na vita ile ilikuwa ya haki. Hatuoni aibu kuisema hivyo. Tarehe 29 Machi 1979 ndege kubwa ya mabomu ya Libya, iliyotumwa kumsaidia Amin, ilikuja juu ya Mwanza kutafuta bohari ya mafuta. Ilikosa shabaha, na mabomu yakaangukia hifadhi ya wanyama, yakaua swala. Wengi wetu tulimshukuru Mungu. Lakini tujiulize: kati ya swala wale na watoto wa Mwanza kulikuwa na nini? Upepo kidogo, na kukosea kwa mkono wa mtu mmoja. Watu wa Mortsel walikosewa upande mwingine, basi.

Na sisi je? Ndege zetu nazo ziliruka juu ya Uganda kutafuta bohari za mafuta. Mizinga yetu ilipiga kutoka mbali. Mji wa Masaka ulivunjwavunjwa mwezi wa Februari 1979, na Mbarara vivyo hivyo, na watu wengi husema wazi kwamba yaliyotendwa huko yalikuwa pia kisasi cha Kagera. Tarehe 11 Aprili 1979 Kampala ilitekwa, na Waganda wengi wakatushangilia barabarani kwa furaha ya kweli. Sisi tulikuwa kwao kama Wamarekani walivyokuwa kwa Wabelgiji: wakombozi.

Kila mwaka twawakumbuka mashujaa wetu waliokufa katika vita ile, na ni wajibu wetu. Lakini ni mara ngapi tumemtaja mama wa Masaka ambaye nyumba yake ilianguka siku tuliyokuja kumkomboa? Naye aliomba Amin aondoke. Je, kuna aliyemwambia siku?

Hatuandiki haya ili kuwavunjia heshima askari wetu. Wengi walikuwa vijana wa vijiji kama hivi vyetu, walikwenda kwa miguu katika matope na mvua, na wengine hawakurudi. Twaandika kwa sababu tuliobaki nyumbani ndio tuliokula mahindi. Usalama wa mpaka wetu ulinunuliwa, na sehemu ya bei yake ililipwa na watu ambao hatuwajui majina. Kijana wa kilimani aliambiwa asibebe mzigo peke yake. Kadhalika rubani na mpiga mzinga wasiachiwe peke yao. Waliotuma, na walionufaika, wote ni wadaiwa pamoja naye.

Twawezaje kulipa? Hatuwezi kumfufua mtu, wala debe la mahindi halinyooshi mguu. Lakini liko linalowezekana. La kwanza ni kujua: kabla ya kuwasha moto, tuulize nani anakaa nyuma ya kilima. La pili ni kupunguza: tukilazimika kuwasha, tuchague saa na njia iliyo salama kwa wengine, hata ikiwa ya hatari zaidi kwetu, na tupeleke habari mapema. La tatu ni kusema ukweli baadaye, kuwataja walioumia pamoja na walioshinda, na kuwatendea wema wa kadiri tuwezavyo wao na watoto wao, bila kungoja watudai.

Na hayo hayawahusu wenye ndege tu. Mtu husema neno juu ya mwenzake asiyekuwapo, kwa kutaka kumkomesha mwovu, na neno hilo laenda kuunguza nyumba ya mwingine. Wazee wa kijiji huamua maji ya mfereji yapite huku, kwa faida ya wengi, na shamba la mmoja hukauka. Mara nyingi sababu ni njema kweli. Ndiyo maana twahitaji kuonywa, kwa kuwa mtu mwovu hujua anadaiwa, lakini mtu mwema husahau.

Kijana yule wa hadithi yetu alijenga kihenge katika mwezi mmoja. Kumbeba mtoto kulimchukua miaka miwili. Kila asubuhi alipita naye mgongoni njia ile ile, mbele ya nyumba zile zile zilizokula mahindi, na watu waliokuwa wakifagia nyua zao walisimama wakamsalimu, wakakumbuka.